Mdomo wa Bata

Kompyuta ni ya mwalimu mkuu. Shuka ni langu,
la waridi, lina kiraka pembeni,
na kila katuni anayepita hapo hupata kovu.
Bwera, darasa la nne, saa nne asubuhi.
Madirisha tumeyaziba kwa maboksi ya sabuni,
watoto sabini na wanane, jasho, chaki,
na betri ya sola ya dakika ishirini
ikiwa jana mawingu ya Rwenzori yalituhurumia.

Somo ni kusikiliza Kiingereza.
Kwanza picha bila sauti,
kisha sauti bila picha,
kisha vyote pamoja, kisha kalamu.

Bata mwenye kofia nyekundu anaingia dukani.
Anataka kondoo.
Muuzaji anatoka nyuma akiburuta meli.
Kwa Kiingereza maneno hayo hutengwa na pumzi,
moja ndefu, moja fupi,
na darasa lilipolipata hilo
lilicheka mpaka boksi moja likadondoka
mwanga ukaingia, bata akafifia,
wakampigia kelele jua.
Meli hawajaiona. Wameona mitumbwi ya Kayanja.
Wakaandika meli.

Nikakusanya madaftari.
Thembo, dawati la mbele, Thembo wa kumi kwa kumi,
ambaye imla yangu huimaliza kabla sijafunga mdomo,
hakuandika neno.
Alichora bata watatu:
mdomo umefungwa,
mdomo nusu,
mdomo wazi.
Chini yao mistari mitupu, imepigwa kwa rula.

Ulisinzia?
Hapana, mwalimu. Nimemwangalia sana.
Huyu bata hasemi kitu. Anafungua tu.

Nilitaka kumkemea. Kemeo lilikuwa tayari ulimini.
Kisha nikageukia ubao, nikampa mgongo,
nikasema kwa sauti ya kawaida, kama naomba kifutio:
Thembo, nyumba yenu inaungua.

Darasa zima lilishusha pumzi.
Kabugho alisimama kabisa.
Nilipogeuka, Thembo alikuwa anachonga penseli,
akikusanya maganda yake kwenye kiganja
asichafue sakafu.

Aliyemchora bata alimpa midomo mitatu, ikamtosha.
Wangu una mamia,
na mtoto huyu ameisoma yote, mwaka mzima,
kutoka dawati la mbele alilolipigania
nami nikidhani ni bidii.

Mama yake aliniambia, muhula wa kwanza:
huyu hasikii, mwalimu, mchape.
Lugha yetu hii ya soko la Mpondwe
ina neno moja kwa kiziwi na kwa mkaidi,
na fimbo haiulizi ni yupi kati ya hao wawili.
Sikio la kufa, tukasema.
Asiyesikia la mkuu, tukasema,
sisi wakuu, wenye masikio mawili mawili.
Hakuna aliyetaja homa ya mwaka juzi,
kwinini ya mshipani, siku tano,
na kengele ndogo aliyowaambia inalia ndani ya kichwa
nao wakamwambia lala.

Barua ya hospitali nimeiandika. Ipo kwenye mkoba.
Nimeandika sentensi ya kwanza mara nne.

Lakini siku ile kulikuwa na dakika tatu za betri,
na sikujua la kufanya na dakika tatu.
Nikakibeba kipaza sauti, nikakiweka juu ya daftari lake,
nikauchukua mkono wake, nikaulaza juu ya wavu.
Nikarudisha bata nyuma, dukani.

Si tunasema nasikia baridi?
Si tunasikia harufu ya muhogo, tunasikia njaa,
na sikio halimo kabisa katika shughuli hiyo?

Bata akasema. Muuzaji akasema.
Thembo alifumba macho, yeye asiyefumba macho darasani.
Rudia, akasema.
Nikarudia.
Watoto sabini na saba kimya, hata benchi halikulia.

Kondoo ni mrefu, mwalimu, akasema.
Meli ni fupi.

Kisha betri ikaisha,
bata akazimika mdomo wazi,
na mkono wa Thembo ukabaki pale juu ya wavu,
ukisubiri.